Mkwe Mtarajiwa, Jeki, na Ndoo ya Nyama ya Chumvi

Shimo la Kokoto la Tilt Brook,
Newfoundland.
Jumatatu ya sikukuu ya Mei.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Ghuba.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTU ALIYEBADILISHA TAIRI BILA KUUMIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani mwako, na kwamba theluji ya juzi haikuziunguza kabichi zako changa. Sisi huku shimoni tu wazima. Tu wazima wote, mkubwa kwa mdogo, hakuna aliyekatika kidole wala kuteguka kiuno, na hilo hasa ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Jina langu ni Drusilla Pardy, mke wa Selby Pardy, yule mpaka rangi wa maboti. Anayenijua anajua kwamba mimi si mtu wa kulalamika. Gazeti lako nimeliandikia mara chache tu: kuhusu feri, kuhusu barabara, kuhusu bei ya maziwa ya kopo, na kuhusu yule mchungaji aliyefupisha ibada ili awahi mpira. Mara zote nilikuwa na haki na mara zote ulinyamaza. Safari hii nakusihi usinyamaze, maana kuna ndoa inayosubiri jibu.

Wewe ni mtu wa kisiwa hiki, sina haja ya kukueleza kwa nini watu wenye akili timamu, ikifika wikendi ndefu ya Mei, hukokota trela zao za kulala wakaenda kupiga kambi kwenye shimo walilochimba wajenzi wa barabara wakaliacha. Serikali imetutengenezea viwanja vizuri vyenye miti, mabomba na vyoo. Tumeishukuru, tukaenda shimoni. Shimoni hakuna mti wa kukuzuia usimwone jirani yako anakula nini, na hakuna mtu wa kukudai chochote. Mimi na Selby tumekuja hapa tangu Marcella, binti yetu wa pekee, akiwa wa kubebwa.

Sasa Marcella ni mkubwa, anafanya kazi huko bara, Ontario, na mwaka huu amekuja na mwanamume. Anaitwa Graham Teskey. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mpole, ana soksi safi. Sikuwa na neno naye. Ijumaa, hata chai haijachemka, Marcella akanivuta nyuma ya trela akaniambia, "Mama, Graham anataka kunioa. Baba kasema nikuulize wewe. Nataka jibu kabla hatujatoka shimoni Jumatatu, na tafadhali usinipe lile jibu lako la tutaona."

Nikamwambia, "Tutaona."

Ndugu Mhariri, nimeona. Naandika ili umma wa ghuba yote ujue nilichokiona, uniunge mkono niseme hapana, na mwanangu asije akadhani ni roho yangu mbaya tu.

Lalamiko la kwanza. Jumamosi asubuhi tuliamka tukakuta tairi la nyuma la upande wa kushoto limekaa chini kabisa. Mtu wa bara angeita hiyo balaa. Kwetu pancha ya shimoni ni karamu. Trela nzima nzima za watu hutoka na viti vyao vya kukunja na vikombe vyao vya chai, wakakaa nusu duara, kila mmoja na ushauri wake, na wa mbele kabisa huwa ni Mjomba Hedley Blagdon. Mjomba Hedley si ndugu yangu wala wa Selby. Ni mjomba wa kila mtu, na kiti chake lazima kiwe karibu kiasi cha yeye kuweza kuligusa tairi kwa kidole cha mguu bila kuinuka.

Basi viti vimepangwa, Selby anakunja mikono ya shati, na huyu Graham badala ya kukaa atazame, anaingia ndani ya trela, anachomoa kitu kwenye dirisha la jikoni, anatoka na kitabu. Kitabu cha maelekezo cha trela! Kitabu hicho kimekaa humo tangu tulinunue trela, na kazi yake inajulikana, kinazuia dirisha la jikoni lisigongegonge. Akasimama kwenye baridi akakisoma. Hivi mtu anasoma nini, na tairi analiona? Kisha akainua uso, akawaambia watu wazima na mvi zao, "Samahani, wajomba, naomba msogee nyuma kidogo."

Mjomba Hedley akamuuliza, "Tusogee mpaka wapi, mwanangu? Mpaka Ontario?"

Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Yeye hakucheka. Alisema, "Mpaka pale penye jiwe jeupe panatosha." Na akangoja, mikono nyuma, mpaka wakasogea. Mtu anayekungoja namna hiyo bila kukasirika hana adabu hata kidogo.

Lalamiko la pili ni la maziwa. Selby, kama afanyavyo siku zote, alitaka kuifungua pikapu kutoka kwenye trela, ili wakati yeye anafanya kazi mtu aende dukani kununua maziwa. Graham akasema hapana, trela lisifunguliwe, pikapu ibaki imelishika, ivutwe breki ya mkono, tena magurudumu ya upande wa pili yawekewe kabari mbele na nyuma lisije likatembea. Litembee liende wapi, Ndugu Mhariri? Trela halina injini. Selby alimweleza hivyo, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Graham akamjibu, "Ndiyo, baba, na breki ya kulishika pia halina." Kwa hiyo pikapu haikwenda popote, na shimo zima likanywa chai ya rangi asubuhi ile kama watu wa jela.

La tatu linanihusu mimi mwenyewe, na naomba ulichape kwa herufi kubwa kidogo. Jumamosi kwetu ni siku ya supu ya njegere. Nilikuwa ndani ya trela, sufuria iko motoni, madonge ya unga ndiyo kwanza nimeyatumbukiza, na mwenye kujua madonge anajua kwamba ukishayatumbukiza hutakiwi kufunua, kusogeza wala kupumua. Mlango ukagongwa. "Mama, samahani, naomba uzime gesi utoke nje."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nina kilo zangu, lakini si nyingi kiasi cha kuishinda jeki."

Akasema, "Si kilo, mama. Mtu akitembea ndani, trela linatikisika juu ya jeki. Hakuna anayebaki."

Hakuna anayebaki! Nikatoka na aproni yangu. Wakatoka na wenzangu wawili waliokuwa wakicheza karata mezani, mmoja ameshika karata za ushindi ambazo amezisubiri tangu majira ya baridi. Tukasimama kwenye baridi, naye akatuhesabu. Akatunyooshea kidole mmoja mmoja akitembeza midomo, kama watoto wanaovushwa barabara. Madonge nilipoyarudia yalikuwa mawe. Nimelihifadhi moja, ukitaka ushahidi nitakutumia.

Lalamiko la nne, jeki yenyewe. Hapa nitaomba uvumilivu wako.

Kila nyumba ya kisiwa hiki ina ndoo ya nyama ya chumvi. Nyama ikishaliwa, ndoo ndiyo inaanza maisha. Tunachotea maji, tunachumia matunda ya porini, tunakalia, tunaogeshea watoto, na Selby, tangu alipoanza kuitwa mwanamume, anaigeuza juu chini, anaweka jeki juu yake, anainua trela. Jeki ni fupi, trela liko juu, ndoo inakaa katikati, kila mtu anafurahi. Alipoitoa Jumamosi watu walipiga makofi.

Graham akasema, "Baba, hiyo ndoo ni ya plastiki."

Selby akasema, "Na wewe ni wa nini, mwanangu, wa chuma?"

Kwa mara nyingine tena watu walivunjika mbavu, na kwa mara nyingine tena mwalimu wetu hakucheka wala hakununa. Alikwenda kuchukua ubao mpana, ule ule tunaochezea karata, akaulaza kwenye kokoto, eti Mei ardhi inayeyuka, juu kavu chini uji, jeki itazama. Juu ya ubao akapanga vipande vya magogo mazito, vimekingamana, akavikanyaga kuona kama vinacheza. Akakunja kwanza ile miguu myembamba ya pembeni ya trela, ambayo sisi sote tumeizungusha miaka yote tukiamini ndiyo inayolibeba, akasema hiyo ni ya kuzuia lisitikisike wakati watu wamelala, si ya kuinulia. Jeki akaiweka chini ya chuma kinene cha chasisi, karibu na magurudumu, mahali ambapo kitabu kimeonyesha. Na nati akazilegeza tairi likiwa bado limekaa chini! Jamani. Kwetu nati hulegezwa tairi likiwa hewani, linazunguka, wanaume wawili wamelikumbatia, mmoja anatukana, na hiyo peke yake ni burudani ya saa nzima. Yeye alizungusha spana mara chache, akainua trela kiasi tu cha karatasi kupita, akabadilisha, akashusha. Wala mwili wake haukuingia chini ya trela hata mkono. Nati akazikaza kwa kuruka, hii, kisha ya mkabala nayo, akalivuta trela kwa pikapu mpaka barabarani na kurudi, akashuka, akazikaza upya.

Nakuuliza kama mzazi. Mwanamume anayekaza nati alizokwisha kuzikaza, akimwoa binti yako, atarudi nyumbani mara ngapi kuhakikisha mlango umefungwa? Watafika lini kanisani?

La tano ndilo zito, nami nashangaa serikali imelinyamazia. Shimo letu linaishi kwa hadithi. Mjomba Hedley alipoteza vidole viwili chini ya trela lake mwenyewe mwaka ule wa mvua kubwa, na tangu siku hiyo hajawahi kukosa mwaliko wa chakula. Ukimpa nyama anaanzia pale nati ilipoteleza, ukimpa na keki anakuonyesha mahali vilipokuwa. Kuna aliyevunjika ubavu, kuna aliyeangukiwa na mlango, kuna trela lililotoroka na bibi mmoja ndani yake likamfikisha mtoni akiwa bado anafuma sweta. Watoto wamelelewa kwa hadithi hizi. Sasa Jumamosi jioni tumekaa kuzunguka moto, tukamtazama Mjomba Hedley atusimulie ya siku ile. Akafikiri sana, akasema, "Tairi liliisha upepo. Likabadilishwa." Akarudi kwenye chai yake. Hiyo ni hadithi au ni utabiri wa hali ya hewa?

Wahenga wametuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu kijana alikuwa na wakuu shimo zima, wenye viti, hakusikia la hata mmoja, na guu lake liko palepale. Tutawafundisha nini watoto wetu? Nilimwambia Marcella hivyo hivyo usiku ule tukiosha vyombo. Akaniambia, "Mama, kwa hiyo jibu ni lipi?" Nikamwambia mtu asiyeumia hajui maisha. Akasema, "Bado mpaka Jumatatu," na akaniachia sufuria nikaisugua mwenyewe.

Lalamiko la sita lilitokea jana, Jumapili, na hilo ndilo lililonimaliza.

Asubuhi Graham na Marcella walichukua pikapu kwenda mjini kuziba ile pancha, eti si vizuri kukaa bila tairi la akiba. Huku nyuma Selby hakuwa na raha. Alilizunguka trela, mikono mfukoni. Mwisho akasema tairi la mbele yake nalo limelegea upepo. Mimi sikuliona limelegea. Hakuna aliyeliona limelegea. Lakini mume akisema tairi limelegea mbele ya watu, mke anasema, "Hasa, limelegea."

Lo, sherehe ikarudi! Viti vikasogezwa mpaka Mjomba Hedley akaweza kuligusa tairi kwa kidole cha mguu. Ndoo ikapinduliwa, jeki ikapandishwa, pikapu haikuwepo kulishika trela, kabari hazikuwekwa, mimi niko ndani na sufuria ya Jumapili, nyama ya chumvi, kabichi, viazi, na njegere zangu zilizofungwa kwenye kitambaa zichemkie humo. Nilikuwa naimba. Tairi likatoka, watu wakapiga kelele za furaha, Selby akainua spana juu kama kombe. Kisha nati moja ikadondoka, ikabingirika chini ya trela. Mjomba Hedley akasema, "Ifuate, Selby, si unaiona?" Selby akalala chali akaifuata. Nilijitokeza mlangoni na mwiko wangu nikaona buti zake tu.

Hapo ndipo pikapu iliporudi. Graham alishuka hata haijasimama vizuri, na kwa sauti ambayo sikujua mtu mpole anayo akapiga ukelele, "SELBY PARDY! TOKA HAPO! SASA HIVI!"

Nataka wasomaji wako wapime maneno hayo. Hakusema mjomba. Hakusema baba. Hakusema naomba wala samahani, yeye ambaye tangu Ijumaa alikuwa anaomba samahani hata kwa mbwa. Alimwita mtu wa umri wa baba yake kwa jina kavu mbele ya shimo zima, kama mtoto aliyepanda juu ya dawati. Selby hajafokewa hivyo tangu mama yake afariki. Alitoka chini ya trela kinyumenyume kama kaa, uso mwekundu, akanyanyuka, akamwendea yule kijana kidole mbele, akaanza, "Wewe kijana, unadhani unamwita na—"

Hakumaliza. Ndoo ilipasuka. Mlio wake ulikuwa mdogo, ule wa trela ndio ulikuwa mkubwa. Lilishuka lote kwa mara moja, vyombo, sufuria, kabichi, vyote vikamwagika, mimi nikajikuta nimekaa kwenye kokoto na mwiko mkononi.

Selby alikuwa na maneno mazuri ya kumwambia yule kijana, nilimsikia akiyafanyia mazoezi tangu Jumamosi. Hayajasemwa mpaka leo. Graham naye hakungoja kuyasikia. Alikwenda nyuma ya pikapu akatapika, chakula chote nilichomkaangia asubuhi kwa mikono yangu, mkate na asali yake ya miwa, hasara tupu. Kisha akarudi mweupe kama shuka akatuhesabu tena, kila mtu, na alipofika kwa Selby akamhesabu mara mbili. Kwa nini mara mbili? Selby ni mmoja.

Lalamiko la saba ni fupi. Alipoliinua tena trela alasiri, juu ya ubao na magogo yake, hakumwambia mtu yeyote asogee. Mjomba Hedley aliinuka mwenyewe, akabeba kiti chake, akapita jiwe jeupe, akaenda kukaa karibu na barabara. Wengine wakamfuata. Mila ya baba zetu imekufa mbele ya macho yangu, na hakuna aliyeizika.

Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, naomba serikali, kupitia safu zako, ifanye yafuatayo. Abiria wote wa feri kutoka bara wapekuliwe vitabu vya maelekezo. Mtu akipatikana na kabari, aeleze alitaka kuzuia nini. Ndoo ya nyama ya chumvi itangazwe kuwa chombo halali cha kuinulia, na plastiki iliyopasuka ichunguzwe kama haikutengenezwa Ontario. Walimu wakatazwe kuhesabu watu wasiowafundisha. Na wewe mwenyewe, kwa heshima zote, andika kwenye ukurasa wa mbele kwamba Drusilla Pardy ana haki ya kumnyima binti yake mwanamume wa namna hii, ili nimwonyeshe Marcella kabla hatujaondoka, maana hivi sasa ninapoandika Graham yuko nje anafunga trela kwenye pikapu, na saa yoyote atakagua taa.

Nisalimie mkeo, nisalimie mama yako na goti lake, nisalimie yule kijana wa mapokezi ambaye husema hujafika kila ninapopiga simu, nisalimie ghuba nzima. Anayeniuliza mwambie nipo, nadai haki.

Ni mimi mlalamikaji wako wa siku zote,
Drusilla Pardy (Bi.)

Tanbihi: Nimeisoma barua hii kwa sauti ili nione kama haijakosewa, nikaona kuna jambo dogo sikuliandika, na wewe ni mtu wa magazeti utalisikia tu kwa watu.

Trela liliposhuka, vumbi la kokoto liliinuka nikawa simwoni Selby. Nilikuwa nimemwona akitoka, kwa macho yangu haya, lakini nilikuwa simwoni, na ile sauti ilikuwa bado masikioni, na buti ndizo nilizoziona mara ya mwisho. Kofia yake tuliikuta alasiri, trela lilipoinuliwa, palepale alipokuwa ameweka kichwa. Imekuwa bapa kama samaki mkavu. Marcella alitaka kuitupa, nikamnyang'anya.

Basi ndani ya vumbi lile mimi nilipiga kelele. Wenzangu wanasema nilisikika mpaka barabara kuu. Sikusema "Mungu wangu" wala "nisaidieni." Nilisema, "Marcella, olewa naye! Olewa naye leo, olewa hapahapa kwenye kokoto!" Shimo zima limesikia, Mjomba Hedley ameshaitia kwenye hadithi zake na jana jioni alipewa keki mara mbili. Kwa hiyo jibu langu lilitoka jana kabla hata vumbi halijatua, na barua hii imechelewa. Nimeiandika tu kwa sababu mwanamke aliyetoa ndiyo kwa haraka namna ile anastahili angalau kulalamika baadaye.

Usiichape. Kama nafasi ipo, chapa kwamba Bwana na Bibi Selby Pardy wa Tilt Brook wanafurahi kutangaza uchumba wa binti yao Marcella na Bwana Graham Teskey wa Ontario, harusi ni Agosti, watu wote wanakaribishwa. Andika "Bwana na Bibi." Andika vyote viwili, Bwana kwanza.

Graham ananiita nitoke, anataka kuhakikisha hakuna mtu ndani kabla hajaondoa gari. Sijatoka bado. Selby amesinzia kwenye kile kiti kidogo cha mlangoni, amenyoosha miguu yake yote miwili ikaziba njia, siwezi kupita bila kumwamsha. Miaka yote tuliyooana nimempigia kelele aikunje. Leo nimekaa, namtazama, na mkwe wangu angoje.